Ugonjwa wa Koo Unapolia Mgongoni

Kuli wa bandari ya Kilindini, Mombasa, akisema mgongo unamuuma, hakuna wa kushangaa. Mtu anayeshinda chini ya magunia atapewa vidonge vya maumivu kwenye zahanati ya kule Changamwe, aambiwe apumzike siku tatu, na aghalabu ushauri huo utamfaa. Mama wa Likoni mwenye tezi iliyovimba ubavuni mwa shingo atashukiwa TB, nayo TB ya tezi si ngeni Pwani. Mzee wa Kisauni anayekohoa huku akikonda ataambiwa alete makohozi. Makisio yote matatu yana akili, na mhudumu anayeyafanya hana wa kumlaumu. Lakini zipo siku ambapo yote matatu hukosea kwa namna moja. Mgongo, tezi na kifua vinakuwa ni wajumbe tu, na aliyewatuma amejificha nyuma ya pua, kwenye shina la ulimi au ndani ya kisanduku cha sauti, mahali ambapo mgonjwa hasikii maumivu na hakuna aliyepamulika.

Saratani ya kichwa na shingo ni jina la jamii nzima ya maradhi: ya mdomo na ulimi, ya koromeo, ya kisanduku cha sauti, ya matundu ya pua na nyuma yake, na ya tezi za mate. Vitabu vya udaktari huieleza kuwa saratani ya mtaani kwake. Inakula palipo jirani, inashuka kwenye tezi za shingo, na mara nyingi inamuua mtu kwa kumziba njia ya chakula na hewa kabla haijasafiri mbali. Kwa aina iliyo ya kawaida zaidi, ile inayoanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo na koo, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ndiye hugunduliwa kuwa nayo imemfika sehemu za mbali. Ikisafiri, kituo chake cha kwanza huwa mapafu, kisha mifupa, kisha ini. Ikionekana kwingineko, kwenye ubongo, figo, moyo, msuli wa paja, ngozi ya tumbo au ndani ya jicho, madaktari huandika ripoti ya mgonjwa huyo mmoja na kuipeleka kwenye jarida kama mtu aliyeokota kombe asiyejulikana ufukweni.

Kusafiri huko huitwa nadra, na neno “nadra” ndilo lenye kasoro hapa. Idadi ya vivimbe vya mbali imetokana na wagonjwa waliotafutiwa wakiwa hai, kwa vipimo vilivyokuwapo, na kwa sababu fulani iliyomsukuma daktari atafute. Maiti za waliokufa kwa maradhi haya zilipopasuliwa na kuchunguzwa katika nchi mbalimbali, vivimbe vya mbali vilionekana kwa wengi zaidi ya waliojulikana hospitalini. Maana yake ni kwamba sehemu ya unadra huo imetengenezwa na macho yetu. Mji ambao una skani chache na usio na desturi ya kupasua maiti utaendelea kuamini kwamba saratani ya koo haifiki nyongani, kwa kuwa hakuna aliyetazama nyongani.

Njia zinazotumika si fumbo. Chembe za saratani huingia kwenye mishipa ya limfu ya shingo, zikatua kwenye tezi. Zikizidi nguvu tezi hizo, hasa zile za chini karibu na mtulinga, humwagika kwenye damu, zikapita moyoni na kusukumwa mapafuni. Mapafu ni chujio la kwanza, ndiyo maana yanaongoza kwa idadi. Kitendawili ni yule mgonjwa ambaye mapafu yake ni safi lakini pingili za kiunoni zimeliwa. Mwaka 1940 mtaalamu wa Marekani, Oscar Batson, alieleza mtandao wa vena unaouzunguka uti wa mgongo kutoka kichwani hadi nyongani, vena zisizo na vali, ambazo damu yake inaweza kwenda juu au chini kufuatana na shinikizo la kifua na tumbo. Mtu anapokohoa, anapojikamua au anapobeba mzigo mzito, damu humo inaweza kugeuza mwelekeo. Mkazi wa Likoni hahitaji mchoro kulielewa hilo. Feri ikijaa, gari hupita barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu na kutokea Kwale bila kukanyaga kisiwa. Chembe ya saratani nayo ina Dongo Kundu yake, na anayesimama kivukoni kuhesabu abiria hataiona ikipita.

Njia peke yake haitoshi kueleza kwa nini mbegu huota hapa na si pale. Daktari Mwingereza Stephen Paget aliliona hilo mwaka 1889, alipopitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti na kukuta kwamba mbegu haikuota popote ilipoanguka, ilichagua udongo. Wazo lake limesumbua na kuongoza utafiti hadi leo, na kwa maradhi ya kichwa na shingo linaonekana wazi. Saratani ya nyuma ya pua hupenda mifupa. Ile ya tezi za mate ya aina inayoitwa adenoidi sistiki hupenda mapafu na hutambaa kwenye neva, na huweza kunyamaza miaka kumi au zaidi baada ya upasuaji, mpaka mgonjwa mwenyewe amesahau, kisha vivimbe vidogo vikajitokeza kwenye picha ya kifua iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Zile za koromeo zinazosababishwa na virusi vya HPV kwa jumla huitikia tiba vizuri, lakini zinaposafiri zimeonekana kuchelewa na kutua sehemu zisizotarajiwa, zaidi ya ile miaka miwili ambayo madaktari huihesabu kuwa ya hatari. Mombasa ndiko chanjo ya HPV ya Kenya ilikozinduliwa Oktoba 2019, ikiwalenga wasichana kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Koo halikutajwa sana siku ile, na wavulana hawakuwamo.

Kuna anayeweza kuuliza maradhi haya yanamhusu nini mtu wa Kenya. Yanamhusu, na kwa kumbukumbu ndefu. Katika miaka ya 1960, Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo jijini Nairobi, aliandika mfululizo wa tafiti kuhusu saratani ya nyuma ya pua nchini, akionyesha kwamba iliwapata zaidi watu wa nyanda za juu kuliko wa pwani, na akashuku moshi wa kuni katika nyumba zisizopitisha hewa. Wakati huohuo virusi vya Epstein-Barr vilikuwa vimegunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani, Clifford akiwa mmoja wa waandishi wenzao, walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua ilikuwa na kinga dhidi ya chembe za uvimbe huo wa Uganda, na kuanzia hapo uhusiano wa kirusi hicho na ugonjwa huu ukafuatiliwa dunia nzima. Kwa hiyo sehemu ya elimu hii ilitoka kwenye damu ya Afrika Mashariki. Hoja kwamba pwani si eneo lake ingekuwa na uzito kama Changamwe ingekuwa ya wapwani peke yao. Reli na bandari, na baadaye kiwanda cha kusafishia mafuta kilipokuwa kikifanya kazi, vimewaleta hapo watu wa kila pembe ya Kenya kwa zaidi ya karne moja, na kila mmoja alikuja na urithi wake wa damu na utoto aliokulia kando ya jiko la kwao. Tena ugonjwa huu haungoji uzee. Huwapata hata vijana wa umri wa shule. Dalili yake ya kwanza, kwa wengi, ni uvimbe wa shingoni usiouma, na pengine sikio moja lililoziba au pua inayotoka damu upande mmoja.

Wala kukosea chanzo cha maradhi haya si aibu ya umaskini. Babe Ruth, mchezaji wa besiboli aliyekuwa na umaarufu Marekani kuliko hata wanasiasa, alianza mwishoni mwa 1946 kwa maumivu nyuma ya jicho la kushoto na sauti iliyokwaruza. Alikuwa New York, mji wenye hospitali za kila aina, na bado mwanzoni ilidhaniwa ni pua na meno. Alipofariki Agosti 1948 watu waliamini ni saratani ya koo. Uchunguzi wa maiti ndio uliosema chanzo kilikuwa nyuma ya pua, na mbegu zilikuwa zimefika shingoni, mapafuni na kwenye ini. Tofauti ya mtu kama huyo na kuli wetu ni kwamba yeye aliangaliwa tena na tena na watu waliokuwa na vyombo na muda. Kuli huangaliwa mara moja, kisha anarudi kazini, na akirudi hospitalini anakutana na mhudumu mwingine, na daftari jipya.

Jiografia ya Mombasa inaongeza chumvi kwenye kidonda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na 154,171 tu. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882, ukiacha Nyali na Jomvu. Yaani watu saba kati ya wanane wanalala bara. Lakini Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, na hospitali kubwa za binafsi kama Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital ziko kisiwani vilevile. Bara kuna hospitali za kaunti ndogo, Port Reitz, Likoni na nyinginezo, pamoja na vituo na zahanati ambako mgonjwa huanzia. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza unapofanyika, na hapo ndipo swali la “hiki kimetoka wapi?” linapaswa kuulizwa. Kulisubiri livuke maji ni kulisubiri wiki, pengine miezi, kwa sababu mgonjwa hawezi kupewa rufaa kwa jambo ambalo hakuna aliyelishuku. Anayeumwa mgongo atapelekwa kwa mtaalamu wa mifupa ikibidi. Hatapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo isipokuwa mtu fulani amwulize kama sauti yake imebadilika, kama anameza vizuri, kama sikio limeziba, kama aliwahi kutibiwa kidonda cha ulimi.

Pingamizi la kwanza ni zito na linatoka kwa watu wanaoijua kazi yao. Wanasema: la kawaida ndilo la kawaida. Mhudumu wa kituo cha afya cha Mlaleo, Kisauni, anayepokea msururu mrefu asubuhi moja akianza kushuku saratani kwenye kila shingo na kila kiuno, atawatisha wengi na kuwachelewesha wenye TB, ambao nao wanaambukiza wengine. Ni kweli, na makala hii haidai kila mtu ashukiwe. Inachodai ni saa. TB ina kalenda yake. Mtu anatibiwa miezi sita na anatarajiwa kuonyesha nafuu mapema ndani ya muda huo. Uvimbe wa shingo ukizidi wiki tatu bila sababu iliyothibitishwa, unadungwa sindano na kilichomo kinaangaliwa. Na hapa pingamizi linajigeukia lenyewe: sindano hiyohiyo inayotafuta saratani ndiyo inayothibitisha TB, kwa kuwa majimaji ya tezi yanaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert kama makohozi yanavyopimwa. Kumwanzishia mtu dawa za TB ya tezi kwa kukisia si kumfaa mwenye TB pia. Tena tezi ya TB ya kweli huweza kuvimba zaidi katikati ya dozi kabla ya kusinyaa, na bila kipimo cha mwanzo mhudumu atabaki akibahatisha kama anaona tiba ikifanya kazi au saratani ikikua.

Kifuani mambo ni magumu kidogo, na haki inataka tukiri. Kivimbe pafuni mwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya koo si lazima kiwe mbegu iliyosafiri. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake walieleza kwamba ngozi laini ya mdomo inaweza kuharibiwa eneo zima, wazo lililopanuliwa baadaye kueleza jinsi moshi wa sigara na pombe unavyochoma njia nzima, kama shamba lililopitiwa na moto, na miche zaidi ya mmoja yenye ugonjwa inaweza kuota humo kila mmoja kivyake. Basi kivimbe cha pafu kinaweza kuwa saratani ya pili, mpya, ambayo ikikamatwa mapema hukatwa na mtu akapona. Anaweza pia kuwa na TB, kwa kuwa kukonda na kushindwa kula humfungulia TB mlango. Yote matatu yanafanana kwenye eksirei. Anayesema “imeshasambaa, mrudisheni nyumbani” bila kipimo cha nyama anaweza kuwa anamnyima mtu tiba ya ugonjwa unaotibika, na anayesema “ni TB” bila makohozi yenye majibu anafanya kosa lilelile kutoka upande wa pili.

Wapo watakaosema nguvu zote ziende kwenye chanzo, na Pwani chanzo kina jina: muguka, jani la kutafunwa. Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku Mombasa Mei 2024, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo, na kwa wiki kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine barazani. Muguka una madhara yake na wazazi wa Kisauni wana haki ya kulalamika. Lakini kama hoja ni saratani ya mdomo na koo, ushahidi ulio mzito zaidi unaelekea kwingine: sigara, pombe, tumbaku ya kutafuna, na popoo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka popoo peke yake, hata bila tumbaku, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, katika taarifa yake ya 2004. Tambuu ina heshima yake kwenye harusi na sebuleni, na pakiti za tumbaku iliyosagwa na kutiwa ladha zinauzwa kwenye vibanda karibu na vituo vya matatu bila mtu kupiga kelele. Ajabu ya siasa ni kwamba jani linalotoka Embu lilipelekwa mahakamani, na kokwa iliyozoeleka kwetu haikuulizwa hata jina. Hata hivyo, hata tukifaulu kesho kufunga kila kibanda, waliokwisha kutafuna kwa miaka ishirini wapo, na maradhi yao yako njiani. Kinga haiwahudumii hao.

Pingamizi linalouma zaidi ni la tatu, nalo husemwa kwa sauti ya chini: ikishafika mifupani, kuna faida gani kujua? Ipo, na haihitaji miujiza. Wagonjwa wa adenoidi sistiki wameishi miaka mingi wakiwa na vivimbe mapafuni, na kuwaharakishia dawa kali kungewadhuru bure. Saratani ya nyuma ya pua huitikia kemo na mionzi kuliko ndugu zake. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata wagonjwa ambao saratani yao ilikwisha kusambaa, kuwaongezea mionzi ya pua na shingo baada ya kemo kufanya kazi kuliwarefushia maisha. Maumivu ya mfupa yanaweza kupunguzwa sana kwa kikao kimoja tu cha mionzi. Na kuna jambo moja ambalo linapimwa kwa saa, si kwa miezi: uvimbe unaoubana uti wa mgongo. Mgonjwa anayefikishwa kwenye tiba akiwa bado anatembea, kwa kawaida huendelea kutembea. Anayefikishwa baada ya miguu kufa, ni wachache hurudi kusimama. Kwa mwanamume ambaye familia nzima ya Mtongwe inakula kwa miguu yake, tofauti ya kutembea na kulala kitandani miezi yake iliyobaki si jambo dogo la kitakwimu. Hata asiye na tiba iliyobaki anahitaji kujulikana anachougua, ili apewe mofini ya kunywa na uangalizi wa watu kama wa Coast Hospice, badala ya kumeza vidonge vya mgongo usiku kucha na kuambiwa na majirani kwamba amerogwa.

Linabaki la fedha. Hakuna serikali ya kaunti inayoweza kumpiga skani kila mwenye maumivu, na bima mpya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haikuundwa kwa hilo. Lakini hatua ninayoitetea haianzi na skani. Inaanza na tochi, kijiti cha kubonyezea ulimi, kidole kinachopapasa shingo pande zote mbili, na maswali manne yasiyochukua dakika tatu. Kenya ina chuo cha KMTC kinachowasomesha maafisa wa kliniki elimu ya masikio, pua na koo. Mmoja wao akitembelea Likoni siku moja kwa wiki, mwingine Kisauni, mwingine Port Reitz, angeona mengi kuliko mashine iliyo ng’ambo ya maji. Inayofuata ni sindano nyembamba, ileile ya kutoa damu, na kipande cha kioo cha kupakazia. Makohozi ya TB na damu za kupimia wingi wa VVU tayari husafirishwa kwa pikipiki kutoka vituo vidogo kwenda maabara kubwa, na majibu yakarudi bila mgonjwa kupoteza siku ya kibarua. Kioo cha shingo ni chepesi kuliko chupa ya makohozi. Kikifungwa vizuri kinaweza kupanda feri ya saa moja asubuhi mfukoni mwa mtu anayekwenda kwa miguu, ambaye pale kivukoni hatozwi hata senti, na mwenye shingo akabaki Likoni akisubiri simu.